Mwaka wa Petroli Tupu

Simu ilinikuta nikipukuchua mahindi. Sauti ya mwanamke iliuliza kama mimi ndiye mzee Barasa aliyewahi kukata miti Kampala. Nikamjibu ndimi, ikiwa hana nia ya kuniuzia bima. Hakucheka. Alisema anaitwa Masika, binti wa Kambale, na kwamba baba yake amefariki juzi usingizini, kule kule Bukoto tulikofanyia kazi, na watamzika Jumamosi. "Mama anaomba uandike maneno machache ya kusomwa," alisema. "Baba alikuwa akituambia wewe ndiye uliyemfundisha kupanda miti." Nikampa pole, nikamwahidi nitaandika, na simu ilipokatika jambo la kwanza nililolihisi, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Lilikuwa wivu. Nilisema moyoni, hata kufa amekufa vizuri kunishinda. Tangu hapo nimekaa na daftari mezani, na kila nikiandika kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, mkono unagoma. Alikuwa mtu mwema kweli, na hilo ndilo lililonikera miaka karibu hamsini. Basi niandike kwanza haya mengine, halafu nione kama yatabaki ya kusomwa mbele ya watu.

Nilikozaliwa na nilivyofika Kampala yaacheni, hayana utamu. Anzieni katika karakana ya Bukoto, katikati ya miaka ya sabini, wakati askari walikuwa wameshika kila kitu hadi chumvi. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati na dirisha lililotazama maduka. Mwenyewe, Mhindi aliyekuwa akiuza na kutengeneza mashine za kukatia miti, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na vitu vyake vilibaki kama alivyoviacha: miwani juu ya daftari la oda, kalenda iliyosimama kwenye mwezi alioondoka, na droo za spea zilizoandikwa kwa mkono mzuri ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuusoma. Karakana akapewa afisa mmoja wa jeshi. Watu waliogawiwa mali namna hiyo waliitwa mafutamingi, na yeye jina lilimfaa hata kwa umbo. Sisi tulimwita Afande. Hakujua plagi wala kabureta, na chochote chenye injini kwake kilikuwa "mashini". Lakini kazi haikukosekana. Maafisa walikuwa wamehamia katika nyumba kubwa za vilimani, zenye mivule na mijakaranda ya miaka mingi, na kila mmoja alitaka matawi yaliyokaribia ukuta wake yaondolewe, asije mtu akapandia hapo. Raia waliwaogopa maafisa, maafisa wakaogopa miti, na mimi nikapata mshahara.

Mpandaji nilikuwa mimi peke yangu. Kupanda nilijifunza kwa Mhindi mwenyewe: kamba ya katani kiunoni, viatu vyenye miiba ya chuma, na pawa, ndivyo tulivyouita msumeno wa injini, ikining'inia nyuma kwa kamba yake fupi. Kambale alipokuja kuomba kazi, kijana mrefu kutoka Kongo ya mashariki, mwenye shati moja la buluu, mimi ndiye niliyemwambia Afande amchukue. Nilitaka mtu wa kunivutia matawi huko chini. Aliniita yaya. Kwao ni kaka mkubwa. Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto, nikamweleza hivyo, akacheka mpaka akakaa chini, na bado akaendelea kuniita yaya. Nilimfundisha yote. Nilimfundisha fundo la kufungia pawa, mkato wa chini kabla ya mkato wa juu, na kile kipimo nilichorithi kwa Mhindi: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, unamwaga matone ya mafuta kiganjani na kuyasugua. Pawa hainywi petroli tupu, inataka petroli iliyochanganywa na oili. Ikiwa imechanganywa, kiganja kinabaki na utelezi. Ikiwa ni tupu, inakauka mara moja na ngozi inabaki nyeupe. Ukiwasha na petroli tupu, injini inanoki, na pistoni ikishaganda ndani ya silinda hapo tena huna pawa, una kipande cha chuma. Kambale alipima kila asubuhi kwa heshima, kama mtu anayesali, na baada ya miezi mitatu alipanda kunizidi. Sikumfundisha hilo. Alikuwa na miguu inayojua kuchagua tawi, na mimi nilikuwa na akili tu.

Halafu nikaangusha pawa ndogo. Ilikuwa juu ya mvule, kwenye nyumba ya afisa mmoja mlimani, na fundo la kamba yake nilikuwa nimelifunga huku nikimwonyesha Kambale namna ya kulifunga haraka. Nilikuwa najionyesha. Lilifyatuka, na pawa ikaenda chini ikapasukia kwenye ngazi za mawe. Afande alikuwepo. Alikiokota kishikio, akakitazama, akaniita nishuke. "Wewe na mashini hapana patana," alisema, kwa Kiswahili chake cha kambini. Hakupaza sauti, na ndiyo maana sikulala vizuri wiki nzima. Katika karakana ilibaki pawa kubwa tu, nzito isiyofaa mtu wa juu, na droo za Mhindi hazikuwa tena na cha kutusaidia. Mjini hakukuwa na spea, hakukuwa na sukari wala sabuni. Kitu chochote kizima kilitoka Kenya kwa magendo.

Nani akatumwa kukifuata? Mimi, kwa sababu ni Mkenya. Meli za mabehewa zilikuwa zikivuka ziwa kutoka Kisumu hadi Port Bell, na kwenye meli nilikuwa na mtu wa kwetu. Nilikwenda Port Bell asubuhi, nikapita ukuta wa gereza la Luzira nikitazama mbele tu kama kila mtu alivyofanya, nikapewa gunia la sabuni. Ndani ya sabuni, pawa mpya, ndogo, nyepesi, rangi haijaguswa. Nilirudi nayo hadi Bukoto nikiwa nimeipakata mapajani. Njia nzima niliwaza nitakavyopanda nayo ile mijakaranda, na jinsi watu watakavyosahau ile iliyoanguka. Nikaitua mezani. Afande akaizunguka mara mbili, akaichukua, akampa Kambale. "Wewe kaa chini," akaniambia. "Wewe tia mafuta, vuta kamba. Juu napanda huyu."

Sijui kama mmewahi kushushwa kutoka kwenye mti wenu. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kusimama na kutazama nyayo za Kambale. Asubuhi nilichanganya petroli na oili katika kidebe, nikaijaza pawa, naye akaifunga kwenye kamba yake fupi akapanda, nami nikashika ncha ya kamba ya kiunoni mwake. Akifika juu aliita, "Yaya, legeza," nikalegeza. "Yaya, kaza," nikakaza. Kila aliponiita yaya nilihisi ananidhihaki, na alikuwa hanidhihaki, nilijua, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo. Wenye nyumba walitoka kwenye veranda zao kumtazama akitembea juu ya matawi. Mimi walinikanyagia kamba.

Na kulikuwa na Namuli. Namuli alikuwa Muganda mwenye kibanda cha chakula nyuma ya karakana: benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki, na moto wa kuni uliokuwa ukiwaka tangu alfajiri. Asubuhi alipika katogo, ndizi zilizochemshwa pamoja na matumbo. Mchana matoke na mchuzi wa karanga, na chai isiyo na sukari iliyonukia tangawizi ili usahau kwamba haina sukari. Nilikuwa nimekula pale mwaka mzima kabla ya Kambale kuijua Bukoto. Mazungumzo yetu yalikuwa ya kutaniana tu, hasa juu ya Kiswahili chake. Kama Waganda wengi, herufi zake mbili zilibadilishana viti. Alisema habali, akasema balabala, mchele ulikuwa mchere, na mimi nilikuwa Balasa. "Sukali imeisha, Balasa," alisema. "Sema sukari," nilimwambia. "Si nimesema?" alijibu, na kijiko kikaelekezwa kichwani mwangu. Nyumbani, kwa mjomba, nilikuwa na ng'ombe wawili. Kila mwisho wa mwezi niliulizia hali yao. Hao walikuwa mahari ya Namuli, ingawa Namuli mwenyewe sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nangoja wawe watatu. Basi Kambale naye akaja mezani, na nikaanza kuona mambo. Mchuzi wake ulikuwa na karanga nzito za chini ya sufuria. Kwa utani wangu Namuli alininyooshea kijiko, kwa maneno ya Kambale aliacha kupika akasikiliza. Niliyahesabu haya yote, na kila mlo uliniingia na nyongo.

Mwaka huo huo serikali mbili, yao na yetu, ziligombana. Wakenya tukaanza kutazamwa. Fundi viatu mmoja wa kwetu, kule Nakivubo, alichukuliwa kwenye gari akiwa na kiatu cha mteja mkononi, hakuonekana tena. Watu waliniambia niondoke. Nilisema nina kibali cha kazi, na bosi wangu ni Afande, nani atanigusa? Ukweli ni kwamba sikutaka kuwaacha wale wawili peke yao pale mezani.

Alhamisi moja mchana nilikuwa nyuma ya kibanda, nikinawa mikono kwenye pipa. Ukuta ulikuwa wa bati kuukuu lenye matundu ya misumari. Ndani walikuwa Namuli na Kambale. Wao walizungumza Kiswahili, maana Kambale hakujua Kiganda. Nikamsikia Namuli akiuliza kwa sauti ya chini, "Mahali umepata?" Kambale akajibu, "Nimepata. Ni kwa batu ya kwetu. Bamekubali." Namuli akashusha pumzi. "Asante sana. Lakini Balasa asijue kwanza. Atakataa, ataleta maneno." Nilisimama na maji yakinichuruzika kwenye viwiko. Ninyi mmesoma alichosema. Mimi nilikuwa nimemsikiliza mwanamke huyo mwaka mzima, nikazoea kuyanyoosha maneno yake kabla hayajatua kichwani: habali nikaifanya habari, sukali sukari. Akasema mahali, nami mjuaji nikanyoosha. Mahari. Kambale amepata mahari. Ndugu zake wa Kongo wamekubali kuchanga. Na Barasa asijue. Nilikwenda karakana bila kula, nikaketi kwenye kiti cha Mhindi, nikaigeuza miwani yake mezani isinitazame.

Jumamosi tulikuwa na kazi kwa Afande mwenyewe, mvule uliofunika paa la nyumba yake. Nilifika wa kwanza. Nilitia petroli kwenye kidebe. Chupa ya oili nilikuwa nimeishika mkononi, kifuniko nimeshakifungua. Nikakirudisha kifuniko, nikaijaza pawa petroli tupu. Sikuwa na mpango wa mtu kuumia, naapa, nilitaka tu injini ife mikononi mwake kama ile nyingine ilivyofia mikononi mwangu, ili tuwe sawa. Kambale akaja akiimba puani. Akaichukua pawa, akainua kiganja chake cha kushoto kama kila asubuhi, kisha akaona ni mimi nimesimama na kidebe. "Aa, ni yaya ametia," akasema, akashusha mkono. Asubuhi nyingine alipima nikiwa sipo karibu; nadhani siku hiyo aliona aibu kunipima usoni. Akapanda.

Ilinguruma vizuri dakika chache. Vizuri kupita kiasi, sauti ikawa nyembamba, inalia. Nilijua maana yake na sikufungua mdomo. Alikuwa amefika nusu ya mkato katika tawi nene kuliko kiuno changu, pawa ikatoa mlio wa chuma kwa chuma, ikanyamaza. Cheni imekwama ndani ya mti. Tawi likaanza kupasuka lenyewe, polepole, likijichana kuelekea kwake. "Yaya, legeza," aliita. Nikalegeza kamba haraka hata ikaniunguza viganja. Alijirusha kando, tawi likapita alipokuwa, likamkwaruza bega likaondoka na shati, likaanguka bustanini kwa kishindo kilichowatoa askari wa getini. Pawa ilichomoka, ikabaki ikining'inia kwenye kamba yake. Hata katika dakika ile, mtu anavuja damu juu yangu, niliona kwamba fundo alilolifunga yeye limeshika. Ndivyo wivu ulivyo.

Afande akatoka na fulana. "Mashini yangu nani naua?" aliuliza. Kambale alikuwa ameshuka. Alijaribu kuvuta kamba ya kuwashia, haikwenda. Akafungua kifuniko cha tangi, akamwaga matone kiganjani, akasugua. Nilikiona kiganja chake kikikauka. Kilikuwa cheupe kama chaki. Akaniangalia. Nimetazamwa na watu wengi waliokuwa na haki ya kunichukia, lakini hakuna aliyenitazama hivyo, bila chuki yoyote, kama mtu aliyepotea njia anayetaka kuuliza. Kisha akafunga ngumi. "Ni mi, Afande," alisema. "Nilisahabu oili." Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wote wa kusema, kwa sababu Afande alivaa shati kwanza, akafunga vifungo, ndipo akaamuru wampakie kwenye Landrova. Sikusema. Mkenya, mwaka ule, kuua mashini ya afisa. Nilijua nikitoa sauti sirudi.

Namuli alinikuta karakana saa tisa. Habari zilikuwa zimemfikia, macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alishika furushi la shuka langu na sufuria yangu, ameyatoa chumbani kwangu bila kuniuliza. "Twende," alisema. "Mahali iko tayali."

Nilimwambia, "Sitaki kusikia habari ya mahari yenu."

"Mahali yetu gani? Ni yako." Alinitazama kama mtu mwenye homa. "Ya kulala, Balasa. Ya kujificha. Afande alisema mbele ya Kambale Wakenya wote watachukuliwa, na wewe pia. Kambale alikutafutia chumba kwa watu wao kule Luzira. Wiki mbiri anatafuta. Tukasema usijue kwanza, wewe ni mbishi."

Sikumbuki tulitembeaje. Nakumbuka tulipita ukuta wa gereza tena, na safari hii sikutazama mbele. Chumba kilikuwa cha wafanyabiashara wa samaki kutoka Kongo, mikeka minne, picha ya Bikira Maria, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, waliyonipakulia kabla hawajaniuliza jina. Yule mwenye chumba aliniambia, "Kambale alisema unapenda kulala karibu na ukuta," akanionyesha mkeka wa ukutani. Nililala nimeelekea ukuta siku tatu. Siku ya pili Namuli alileta habari. Kambale yuko hai, wamempiga, na Afande amesema neno moja tu: ije mashini mpya, atoke mtu. Isipokuja kufikia mwisho wa mwezi, asiulizwe tena.

Siku ya nne mtu wangu wa meli alinipakia ndani ya behewa tupu, na kulipokucha nilikuwa Kisumu. Sikwenda kwetu kupumzika. Nilikwenda kwa mjomba nikawatoa ng'ombe wawili, nikawaswaga hadi mnadani. Mjomba alidhani naoa, akanifuata barabarani akiniuliza msichana ni wa nani. Pawa niliipata Eldoret kwa mtu wa kiwanda cha mbao, ndogo, nyepesi, kama ile. Nikanunua na oili, chupa mbili. Niliifunga katika gunia la sabuni kwa fundo nililolifunga mara tatu, nikaikabidhi kwenye meli, nikaisindikiza kwa macho. Mahari ya Namuli ilivuka ziwa kumkomboa Kambale.

Baada ya wiki mbili meli ilileta karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa penseli: "Aksanti yaya. Pawa imefika, nimetoka. Nilipima mu mukono. Oili iko." Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote maishani. Hakuandika zaidi, na sikuwahi kumjibu. Walioana mwaka uliofuata. Nilisikia kwa watu wa meli, nikakaa siku mbili bila kusema na mtu. Ndiyo, hata baada ya yote yale. Nilimwonea wivu kwa mke, kwa miguu yake, kwa bega lenye kovu ambalo Namuli alilipaka dawa. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa ule msamaha. Alinisamehe upesi mno, peke yake, kiganja kikiwa bado cheupe, hakuniachia hata nafasi ya kuomba.

Leo Alhamisi nimepiga ile namba, nikaomba kusema na mama. Sauti yake imezeeka, lakini ni ile ile. Sikuzunguka. Nilimwambia, "Namuli, ile petroli ni mimi. Sikutia oili kusudi."

Nilisikia watu wa matanga nyuma yake wakipanga viti. "Ssebo, najua," alisema, na ssebo kwao ni bwana. "Mafuta alikuwa anatia nani mwingine? Kambale alinikataza kukuchukia. Nilikuchukia kidogo tu, miaka mbiri." Kisha akauliza kama bado nina miguu ya kupanda basi. Nikasema ninayo. "Basi njoo. Utakaa mbele, na watoto. Mahali yako iko."

Safari hii sikunyoosha kitu. Maneno ya kusomwa nimeyamaliza, ni mistari mitatu: kwamba nilimfundisha Kambale kupanda miti, na kupima mafuta kiganjani kila asubuhi, na kwamba siku moja hakupima kwa sababu mimi ndiye niliyemtilia. Basi linatoka kesho saa kumi na mbili. Habari ya ng'ombe sikumwambia Namuli, na katika mistari ile sikuiandika. Hao nimebaki nao.